Mtafsiri wa Mwenye Buti

Kwa zaidi ya miaka thelathini Protas Mhoja aliishi Kasoli akiheshimiwa kwa lugha asiyoijua. Siri hiyo alikuwa nayo peke yake. Hata mkewe Apolonia, anayejua idadi ya soksi zake zilizotoboka, hakuwa na habari. Barua ikifika kijijini na Kiingereza ndani, inapelekwa kwake. Anaitazama, anaikunja vizuri, anasema, "Hii ni ya kawaida tu, subirini watatuma nyingine." Na kila mara walituma nyingine.

Heshima ilianzia kwenye banda la video. Enzi za mikanda, mtafsiri aliyetegemewa hakutokea siku ya mnada, banda limefurika, mwenye banda anatoka jasho. Protas, aliyeacha shule darasa la sita, akasema anaweza. Akashika maikrofoni, akapunguza sauti ya televisheni, akaangalia midomo ya Wazungu inavyocheza na kusema kilichomjia. Watu walilia, wakacheka, wakarudi kesho. Tangu siku hiyo alitafuta nafasi nzuri ya kusema ukweli, akaikosa.

Sasa mwaka huu, msimu wa pamba, ubishi ukazuka mnadani penye supu. Joakim Maige wa kijiji jirani cha Ngulyati, mwenyekiti wa kamati ya wazazi na mtu asiyeweza kunywa supu kimya, alitamka kwamba picha bora za mapigano ni za miaka ya tisini. Masunga wa Kasoli akaweka bakuli chini.

"Themanini," akasema.

"Tisini. Steringi wa tisini alikuwa anapigwa risasi saba na bado anaamkia wakubwa."

"Steringi wa themanini risasi zenyewe zilikuwa zinamkwepa."

Hadi saa nane hakuna mbuzi aliyenunuliwa. Mwishowe wakakubaliana kumaliza kesi kwa utaratibu wa ngoma, kama vile vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu. Uwanja mmoja, pande mbili, wote wanaanza kwa pamoja, na watu wanasogea kule kunakowavuta. Mwenye umati mkubwa mwishoni ndiye mshindi. Kila upande ulete picha moja, na mtafsiri wake. Kasoli hawakuhitaji kufikiri, mtafsiri wanaye.

Protas alifurahi mpaka Alhamisi, alipoambiwa Ngulyati watamleta Nancy, mwalimu mpya wa Kiingereza katika sekondari yao, binti kutoka Iringa mwenye shahada.  Akamwambia Apolonia anahisi homa.

"Utaihisi Jumatatu," Apolonia akamjibu, huku anampigia pasi shati.

Jumapili baada ya ibada uwanja ulijaa. Maturubai mawili, televisheni mbili, jenereta mbili zinazogombana. Filimbi ikalia, picha zikaanza. Kwenye televisheni zote mbili lilitokea buti lilelile, likikanyaga tope lilelile.

Kumbe wote walileta picha moja, ile iliyoitwa Mwenye Buti. Mkanda wake ulifika Kasoli mwaka themanini na tisa, ukazunguka huko na huko pamoja na Protas akiutafsiri, ukafika Ngulyati tisini na nne. Kila upande uliihesabia picha umri tangu siku ilipoingia kwao, na hakuna aliyewahi kujiuliza Wazungu waliitengeneza lini. Watu wenye akili zao wangecheka na kurudi nyumbani. Hawa walisema mashindano yaendelee.

Protas akaanza. "Steringi ameibiwa ng'ombe arobaini," akasema. "Adui amewaficha nyuma ya ule mlima."

Kasoli wote waliitikia kwa kichwa. Habari za ng'ombe hao walikuwa nazo miaka yote. Hawakuwahi kuonekana kwenye kioo hata mmoja, lakini mlima ulionekana wazi, na palipo na mlima lazima kuna nyuma yake.

Hatua ishirini pembeni, sauti safi ya Mwalimu Nancy ikatoka spikani. "Anasema yeye ni fundi wa majokofu. Michoro ya jokofu jipya imeibwa. Mkewe naye anadai talaka."

Watu wakageuza shingo. Mmoja akasogea, wakafuata watano, kisha kundi zima, kwa udadisi tu wa kusikia hayo ya jokofu. Chini ya turubai la Protas akabaki Masunga na wazee wawili wenye miguu mibovu. Protas aliendelea kutafsiri. Aliona aibu inakuja kwake kwa miguu yake yenyewe. Kesho watajua, alifikiri, na Apolonia atajua, na nitakuwa mzee aliyewadanganya watu wazima ujana wao wote.

Lakini upande wa pili minong'ono ilikuwa imeanza.

"Mayu," bibi mmoja wa Ngulyati aitwaye Specioza alimwita Nancy kwa upole, "huyo mtu ametupwa kutoka ghorofa ya tano kwa ajili ya jokofu?"

"Ndiyo, bibi. Ndivyo wanavyosema."

"Na huyu anayelia?"

"Analilia michoro."

Specioza akachukua kigoda chake, akavuka uwanja kwenda kwa Protas. Wakamfuata wote. Joakim mwenyewe alikuja mwisho, kichwa chini. Filimbi ya pili ilipolia, Mwalimu Nancy alikuwa amebaki na jenereta. Miaka ya themanini ikatangazwa mshindi, Protas akabebwa juujuu, na kutoka huko juu alimwona binti wa watu akikunja waya peke yake. Furaha ikamtoka palepale.

Jumatano habari zikafika Kasoli. Wazazi wa Ngulyati wameitisha kikao kumkataa mwalimu wa Kiingereza asiyejua Kiingereza. Watoto thelathini tayari wamezuiwa kuingia darasani kwake. Barua imeandikwa, bado sahihi.

Protas alikaa kitandani ameshika kiatu kimoja kwa muda mrefu. Akinyamaza, jina lake linabaki, na la mtoto wa watu linafutwa. Akavaa kiatu, akapanda bodaboda.

Kikao kilisimama alipoingia. Wakampa kiti cha mbele.

"Sikai," akasema. "Nimekuja kusema kwamba mwalimu huyu ndiye anayejua. Mimi sijui Kiingereza. Sijawahi kujua. Ng'ombe wale nilijitungia."

 Mwalimu Nancy, aliyekuwa amekaa pembeni na macho mekundu, akainua uso. Joakim akapumua kwa nguvu, akawageukia wazazi.

"Mnaona mtu mkubwa anavyojishusha?"

Wakapiga makofi.  "Nipeni Kiingereza chochote nisome," Protas akaomba. Mtu akampa chupa ya dawa ya pamba. Akaitazama, akaigeuza. "Sijui inasema nini. Hata neno moja."

"Anamfichia binti aibu," Specioza akasema, akijifuta machozi kwa kanga. "Wabeja sana, namhala, asante sana mzee wetu. Siku hizi hakuna watu kama wewe."

"Jamani, nimewadanganya."

"Na hilo nalo anajibebesha," mtu akasema nyuma.

Kikao kikaamua kwa sauti moja. Kwa heshima ya Mzee Protas, barua ichanwe, mwalimu abaki, ila kwa sharti moja: kila Jumamosi Mzee Protas aje amfundishe Kiingereza.  Protas alimtazama Mwalimu Nancy, naye alikuwa anamtazama kwa namna ya mtu ambaye ameshaelewa yote.

"Nitashukuru, bhabha," Nancy akasema.

Jumamosi wazazi kumi na wawili walikuja kushuhudia. Protas akawaomba wabaki nje, akafunga mlango wa darasa. Akamwachia Nancy ubao, akajibana kwenye dawati la mbele, magoti hayaingii. Alikuwa na miaka sitini na mbili.

"Mwanangu," akasema chinichini, "anza mwanzo kabisa."

Nancy akaandika neno moja, akalitamka. Protas akarudia. Nancy akatamka tena, taratibu zaidi. Protas akarudia kwa sauti kubwa, kwa sababu lilimpendeza mdomoni.

Dirishani, Joakim aliwanyamazisha wenzake kwa kidole.

"Mnasikia?" akanong'ona. "Kila binti anachosema, Mzee anamsahihisha."