Zamu za Nyuzi

Ukitaka kumwona Melania akiwaka, mwambie kuwa mtu aliyechoka ni mvivu. Alikuwa muuguzi wa zahanati pale Rwamgasa, mwaka wa themanini na mbili, na mikono ya wachimbaji aliijua kuliko sura zao. Siku hiyo alimletea mumewe, Jilala, uji kwenye shimo la Mzee Maulidi. Akasimama palepale wanawake wanapotakiwa kuishia, kwenye mstari wa mawe hatua ishirini kutoka mdomo wa shimo. Mwanamke akisogea zaidi ya hapo dhahabu inakimbia, ndivyo walivyoamini, na yeye kwa miaka mitatu alikuwa amekaa kimya akauheshimu upuuzi huo.

Akawatazama wavuta kamba. Walikuwa wawili tu. Siku zote huwa wanne, na Jilala yuko chini, urefu wa minazi miwili.

"Shikamoo, Mzee Maulidi. Wengine wako wapi?"

"Marahaba, Mama Limi. Nimewahamishia shimo jipya." Mzee akawaonyesha kwa kidole Maige na Selestine, mikono yao ina chale mbichi zilizopakwa dawa nyeusi. "Mganga kawachanja juzi. Hawa sasa hawachoki. Wawili wanatosha."

Melania alisikia damu inamchemka. Huu ndio ujinga unaoua watu, tena unaua watu wa wengine, si mwenyewe mwenye shimo.

"Mganga kachanja ngozi, Mzee. Kinachovuta kiko chini ya ngozi! Msuli ni nyuzi, maelfu kwa maelfu, na ndani ya kila uzi kuna vijiuzi vinavyokamatana na kuvutana mpaka vinapishana. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Mzigo ukiwa wa kiasi, nyuzi zinapokezana: hizi zikivuta, zile zinapumua. Zina zamu! Wewe umewapa wawili mzigo wa wanne, kwa hiyo nyuzi zote zimeingia kazini, hakuna uzi uliobaki wa kuupokea mwingine. Na msuli uliokaza hivyo unabana mishipa yake wenyewe, damu haipiti. Utaachia tu, hautakuomba ruhusa."

"Ya zahanati yabaki zahanati," Mzee alisema, akampa mgongo.

Kamba ikatikisika mara mbili. Jilala alikuwa anataka kupanda.

Maige na Selestine wakavuta. Mwanzoni kamba ilikuja vizuri, kisha ikaja kwa kusitasita, kisha ikasimama. Mikono ya Selestine ilianza kutetemeka kuanzia begani.

"Mayu!" alimlilia Melania, kama mtoto kwa mamaye. "Vidole havinisikii!"

"Vuta, mvivu wewe!" Mzee alifoka. "Umechanjwa wewe!"

Kamba ikarudi chini hatua nzima. Kutoka shimoni Jilala akapiga yowe.

Melania akaitupa chupa ya uji na kuwaita wanawake waliokuwa wanatwanga mawe pembeni, Mageni na wenzake wanne. Wakauvuka mstari kwa pamoja. Mzee akatanua mikono kuwazuia, akipiga kelele kuwa wanamfukuzia dhahabu, na Melania akamsukuma kwa nguvu zake zote. Mzee akakaa chini kwenye kifusi. Melania hakusikia huruma hata kidogo.

"Selestine, achia, pumua! Mageni, shika nafasi yake! Maige, bado kidogo, haya, na wewe achia!"

Wakapokezana hivyo, wawili wakipumzika na wengine wakivuta, Melania peke yake, aliyeishika kamba tangu mwanzo, akikataa kupokewa. Kamba ikaja pole pole mpaka kichwa cha Jilala kikatokea, cheupe kwa vumbi.

Jilala akajikokota nje, akatema mate. Akawatazama wanawake, akamtazama Mzee pale kifusini.

"Nani kakuruhusu kugusa kamba hii?" alimuuliza mkewe. "Umetuharibia shimo, Mama Limi."

Melania alitaka kumjibu, na jibu alikuwa nalo, lakini kwanza alitaka kuiachia kamba na vidole vilikataa kukunjuka. Mageni ndiye aliyevifungua, kimoja kimoja, huku Jilala amepiga goti kifusini, akimwomba Mzee Maulidi msamaha kwa niaba ya mkewe.