Kizingiti cha Mzee Masese

Alhamisi niliwafundisha kidato cha tatu kwamba sheria ya maumbile Mungu ameiandika ndani ya kila binadamu, na akili timamu inatosha kuisoma. Linda uhai. Usiseme uongo. Damaris akainua mkono: "Mwalimu, na chinsoni je?" Nikamjibu harakaharaka kwamba hizo ni mila tu. Nikafuta ubao, nimeridhika na nafsi yangu.

Jumamosi nikabaki nyumbani na baba mkwe wangu, Mzee Masese. Mama mkwe na majirani wote ni Wasabato na walikuwa kanisani. Mimi ni Mkatoliki, nasubiri Jumapili. Mzee mguu ulikuwa unamsumbua. Nilikuwa namenya ndizi niliposikia kishindo chumbani kwake, kisha beseni likibingirika.

"Tata?" nikamwita, yaani baba.

"Nimeanguka nikioga. Kichwa kinatoa damu." Kabla sijapiga hatua, akapaza sauti: "Usiingie, Mama Ronny! Sina nguo!"

Miguu ikagoma kwenye kizingiti. Chinsoni, ile heshima yetu Wagusii, inamkataza mke wa mwana kukanyaga chumba cha baba mkwe, sembuse kumwona uchi. Aibu hiyo humfuata mzee hadi kaburini. Nilijikasirikia vibaya sana. Miaka yote ile ya chuo, na nilichokuta kimeandikwa moyoni mwangu ni hicho!

Nikakimbilia barabarani, nikamsimamisha Ochoki wa bodaboda. Alifika sebuleni akaganda. "Mwalimu, mimi nilitahiriwa pamoja na bwanako. Huyu ni baba yangu pia. Nitamwonaje?"

"Anavuja damu, Ochoki!"

"Wacha nilete mzee wa rika lake."

Akawasha pikipiki, akaenda mbio. Wazee wa rika hilo wote walikuwa kanisani, viti vya mbele, na mahubiri ndiyo kwanza yameanza. Nilitaka kupiga mtu.

"Tata, wanakuja."

Akanong'ona kitu nisichokisikia. Nikamwita tena. Kimya.

Nikanyakua shuka kwenye kamba, nikalitandaza mbele ya uso wangu, nikaingia kama kipofu, nikiteleza kwenye sabuni. Nilimfunika kwanza, ndipo nikatazama. Nikachana upindo wa shuka, nikamfunga kichwa. Akafumbua macho, akaniona, akageukia ukutani huku machozi yakimtoka. Nikamwinua hadi kitandani, nikatoka. Asante sikupata, na iliniuma.

Mama mkwe alirudi na wazee, wanahema. "Nani alikuinua?"

Mzee Masese ni mzee wa kanisa. Sijawahi kumsikia akidanganya hata bei ya ng'ombe.

"Sikuona," akasema. "Damu ilikuwa machoni."

Wote wakanigeukia. Mikono yangu bado ilinukia sabuni yake.

"Sheila, ni nani aliingia?"

Mimi, mwalimu wa dini, nikatazama sakafu.

"Hata mimi sikuona, mama."