Kupanda kwa Dakika Kumi na Mbili

"—umeandika mwenyewe, hapa, soma, vifaa vya kupandia—"

"Kupanda baiskeli! Nani anakuja likizo kupanda—"

"Vya watu wawili! Vifaa vya kupandia vya watu wawili, kila asubuhi, muda mfupi tu! Sasa huyu mama wa watu angeelewa nini?"

"Angeelewa baiskeli! Mlimani watu wanapanda—"

"Miti! Mlimani watu wanapanda miti, bwana wewe!" mke wa Fundi alimkata kauli.

Na miti ilikuwepo. Uwanja mzima wa ile nyumba waliyoipanga kwa likizo ulikuwa umejaa miche kwenye vifuko vyeusi, kumi kumi, mistari imenyooka kama wanafunzi paredi. Mia mbili kasoro mmoja, maana mmoja Fundi alikuwa ameshaukanyaga alipotoka mlangoni asubuhi hiyo na mswaki mdomoni. Pembeni yalisimama majembe mawili yenye mipini mipya, ndoo mbili, na glavu jozi mbili, ya mwanamume na ya mwanamke. Baiskeli hakuna. Hata kengele ya baiskeli.

Mwenye nyumba, ambaye kila mtu kule alimwita Mama Miche, alikuwa akifuta viganja kwenye gauni lake la kazi, akimtazama mmoja, kisha mwingine. Alikuwa amehangaika wiki nzima. Mashimo ameshachimbisha, mbolea ameshatia.

"Mimi nikasema, jamani, wageni wa namna hii sijawahi kupata," alisema. "Watu wanakuja hapa kulala mpaka adhuhuri. Nyie mnataka kupanda. Nikafurahi mpaka nikamwambia jirani."

"Samahani sana, mama," alisema mke wa Fundi. "Huyu ndivyo alivyo. Anatania."

"Sitanii!" Fundi alipiga kelele, na povu la dawa ya meno likamrukia kidevuni.

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari, aliguna. "Hata kwenye msitu wa watu," alisema, akiuambia mkoba wake badala ya mkwe wake. "Hata huku ametufuata na vichekesho vyake."

Fundi alifuta povu kidevuni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa hatanii, na huo ndio utani uliofana kuliko wote.

Alikuwa fundi wa lifti, miaka kumi na mitano kazini, na utani ulikuwa damuni. Mwaka wa kwanza wa ndoa alibandika kibao cha HAIFANYI KAZI kwenye mlango wa jiko, mkewe akala mkate mkavu siku nzima akisubiri fundi wa gesi. Mama mkwe aliambiwa na Fundi kwamba simu yake mpya inachajiwa kwa jua, na yule mama, kwa heshima zake zote, akaianika uani pamoja na nguo. Watu walicheka. Mke naye alicheka, miaka ile. Na kila alipochelewa kwa sababu ya stori za vijiweni, Fundi alituma ujumbe ule ule: Nimekwama kwenye lifti. Fundi wa lifti, kukwama kwenye lifti! Ilikuwa tamu kiasi kwamba aliirudia.

Halafu siku moja akakwama kweli. Kati ya orofa ya sita na ya saba, masaa matatu, peke yake, umeme umekatika na mwenzake wa zamu yuko upande wa pili wa mji. Ilikuwa siku ambayo mkewe anafanyiwa upasuaji wa uvimbe. Aliandika: Nimekwama kwenye lifti. Mkewe aliusoma ujumbe akiwa ameshavalishwa lile gauni la kijani. Akamkabidhi nesi simu, akasaini fomu mwenyewe, akaingia.

Alipoamka hakugomba. Laiti angegomba! Alinyamaza tu, na kimya kile kikahamia nyumbani kama mpangaji asiyetaka kuondoka.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwezi uliopita, akisahihisha madaftari, alisema bila kuinua kichwa: "Tutaenda likizo siku tatu. Mama atakuja. Sitaki zawadi, sitaki maua. Nataka siku tatu ambazo ukisema kitu, kinakuwa. Ikishindikana, nitaondoka na mama, na sitarudi kwako."

Fundi akajifungia na ramani ya simu. Daktari alikuwa amesema mgonjwa apate mazoezi mepesi, yasizidi dakika arobaini. Na zamani, kabla ya ndoa, wote wawili walikuwa watu wa baiskeli. Basi akapanga safari tatu fupi fupi za baiskeli za mlimani, zile zenye gia na matairi manene, moja kila asubuhi. Aliziandika nyuma ya kadi ya ukaguzi wa lifti kwa mwandiko wake bora: wapi pa kupanda, wapi pa kushuka na kusukuma, wapi kuna kivuli, wapi watageuza. Kutoka saa moja kamili, kurudi saa moja na dakika arobaini. Wiki tatu za kazi. Halafu, kwa kuharakisha, akamtumia mwenye nyumba ujumbe wa mistari miwili, na neno baiskeli likabaki kichwani mwake.

"Gari la kwenda mjini linapita saa ngapi?" mkewe alikuwa akimuuliza Mama Miche.

"Saa nane mchana. Lakini si ndiyo kwanza mmefika jana?"

"Mama, usifungue begi lako," alisema mke.

"Sikulifungua," alijibu mama mkwe.

Fundi alitoa ile kadi mfukoni. "Nipe dakika arobaini," alisema. "Angalia, nimepanga. Nimeandika kila kitu."

"Sina dakika arobaini."

"Ishirini. Mpaka pale kwenye tenki la maji, lile la juu, na kurudi. Nimepima."

"Umepima na nini? Na jembe?"

Mama Miche alijifunika mdomo.

"Kumi na mbili basi," alisema Fundi. "Kumi na mbili tu, mke wangu. Nakuomba."

"Kwa nini kumi na mbili?" Swali lilimtoka mkewe kwa mazoea ya darasani. "Kwa nini isiwe kumi?"

"Nane kupanda, nne kushuka, bila kupumzika pale tenkini. Ni mita mia tisa. Mwinuko mkali uko mwisho, kuanzia kwenye kona."

Mkewe aliichukua kadi. Aliisoma upande wa mbele, orodha ya kamba na breki na milango, akaigeuza, akasoma nyuma. Alisoma polepole kuliko ilivyohitajika. "Na baiskeli ziko wapi?"

"Mimi ninayo moja," alisema Mama Miche.

Ilikuwa nyeusi, nzito kama deni la hospitali, haina gia hata moja, na nyuma imefungwa kreti la kubebea miche. Kifuniko cha mnyororo kilishaondoka na mnyororo ulikuwa unameremeta kwa grisi. Tairi zilikuwa na upepo. Fundi angeweza kuibusu.

"Ni moja," alisema mkewe. "Basi nenda mwenyewe. Umesema dakika kumi na mbili, ziwe kumi na mbili. Ukirudi ndani ya hizo, nitabaki na kesho tutatafuta baiskeli ya pili. Zikizidi, mimi na mama tunapanda gari la saa nane."

"Tunapanda," alirudia Mama Miche kwa huzuni, akiitazama miche yake.

"Saa nashika mimi," alisema mama mkwe. Alitoa simu mkobani, ile ile iliyowahi kuanikwa. "Wewe mwanangu una huruma."

"Na usirudi na hadithi," mkewe alimalizia. "Rudi wewe tu."

Fundi alipanda.

Mita mia tatu za kwanza alizipita vizuri, amesimama kwenye pedali, kreti likigonga nyuma yake. Kisha njia ikainuka na ile baiskeli ikakumbuka uzito wake. Mpango wake wote ulikuwa wa gia. Mapaja yalimuwaka, mate yakawa gundi. Kwenye kona aliona kwamba akishuka kusukuma atachelewa, akabaki juu, akapanda kwa kuyumba kushoto na kulia kama mtu anayeshona zigizaga. Aliligusa tenki kwa kiganja. Lilikuwa baridi na limelowa. Akatazama simu: dakika saba na sekunde hamsini.

Kumbe nilipima vizuri, aliwaza, na machozi yakamjia, ya upepo au ya nini, hakujua. Akageuza.

Kushuka ni raha kwa mtu aliyevaa kaptula. Fundi alikuwa amevaa suruali pana ya kitambaa, ile ambayo mkewe aliwahi kusema inampendeza, miaka miwili iliyopita, mara moja. Upepo ulipoingia mguuni ikapepea. Mnyororo ukaiona.

Hakuanguka, ila baiskeli ilijibana ghafla, gurudumu la nyuma likaburuzika, ikasimama kando ya kona huku yeye akirukaruka kwa mguu mmoja. Pindo la suruali lilikuwa limeingia katikati ya mnyororo na meno, limezungushwa mara mbili. Alirudisha pedali nyuma, likaingia zaidi. Alivuta kwa mikono miwili. Muuza duka alikuwa ameapa kwamba kitambaa kile hakipasuki, na lo, muuza duka hakuwa mwongo. Alijaribu kwa meno, akapata grisi.

Dakika tisa na nusu.

Bisibisi moja tu! Lakini mfuko wa vifaa aliuacha kabatini, kwa sababu alikuwa ameahidi hatakuja na kazi likizo. Miaka kumi na mitano amewatoa watu waliokwama, wajawazito, mawakili, mpishi na keki ya harusi, na sasa hawezi kuutoa mguu wake mwenyewe. Akajaribu kuibeba baiskeli huku wameungana. Alipiga hatua tatu, ikamlalia.

"Nimekwama," alisema kwa sauti, peke yake mlimani, na neno hilo likamtia kichefuchefu. Aliona jinsi litakavyosikika kule chini. Aliona mama mkwe akifunga mkoba.

Kulikuwa na njia moja, na alikuwa ameijua tangu mwanzo. Ndani alikuwa amevaa bukta aliyopewa na wenzake wa kazini siku ya kuzaliwa kwake, ya njano, imechorwa vitufe vya lifti, mishale myekundu juu na chini. Na kule chini, kwenye ngazi ya baraza, alikuwa amekaa mama mkwe. Tangu aoe hajawahi kumsogelea yule mama hata na kifungo cha shati kikiwa wazi. Hata kiatu alikuwa havui mbele yake bila kuomba radhi.

Dakika kumi.

Alivua viatu, akavua suruali, akaiacha ikining'inia kwenye mnyororo kama kitu kilichochinjwa. Akavaa viatu. Akakimbia.

Alikimbia jinsi ambavyo hajakimbia tangu shule, ameshika pindo la shati mbele kwa mkono mmoja, simu kwa mkono mwingine, vijiwe vikimtoka chini ya miguu. Alianguka mara moja, goti likachanika, akainuka bila kulitazama. Paa la nyumba likaonekana, kisha ile mistari ya miche. Akaruka mmoja, akaruka wa pili, wa tatu akaukanyaga.

"Nimefika!" alipiga kelele. "Nimefika! Ngapi? Mama, ngapi?"

Mama mkwe alikuwa amegeukia ukuta. Uso wake wote ulikuwa ndani ya mtandio, na simu ameibana kifuani kama amekamatwa nayo.

"Mama," aliita mkewe. "Dakika ngapi?"

"Sijui!" Sauti ilitoka ndani ya kitambaa. "Sijui mimi! Nimeona mtu anakuja uchi, nimefumba macho!"

"Si uchi," alisema Fundi. "Nina bukta."

"Nimeiona bukta! Ndiyo maana nimefumba!"

Fundi aliitazama simu yake mwenyewe. Kioo kilikuwa kimepasuka pale alipoanguka, na chini ya ufa kulikuwa na weusi mtupu. Hakuna saa. Hakuna ushahidi wowote. Alisimama katikati ya miche, goti jekundu, mdomo mweusi kwa grisi, mishale ikielekeza juu na chini, akajua kwamba lolote atakalosema litakuwa utani.

"Suruali imeliwa na mnyororo," alisema.

Mama Miche alipasuka. Alicheka mpaka akashika mpini wa jembe asianguke. Mabega ya mama mkwe nayo yalikuwa yanatikisika ukutani, na haikujulikana ni kicheko au kilio. Fundi hakucheka. Alitamani kueleza kona, pindo, meno, bisibisi. Alikuwa ameambiwa arudi yeye tu. Alibaki amesimama, mikono imeshika pindo la shati, kidevu kikimcheza kama cha mtoto anayejizuia.

Mkewe hakucheka pia. Alimtazama goti. Akatazama juu, njia ile yote mpaka inapopotelea kwenye kona. Kisha akatazama ndala zake mwenyewe, zenye mikanda miembamba, za kutembelea barazani.

Kule barabarani, mbali, gari lilipiga honi. Halikuwa la saa nane bado, lakini mama mkwe alilisikia, akapapasa mkoba wake bila kugeuka.

"Begi langu liko mlangoni," alisema.

Mke wa Fundi alisogea katikati ya miche, akichagua pa kukanyaga, mpaka akafika mbele ya mumewe. Akanyoosha mkono.

"Vua na viatu," alisema. "Niazime."