Seti ya Mama Mkwe

Telesfori alikula senene wote. Mkewe Kemirembe ndiye aliyewakamata panzi hao, akawanyonyoa, akawakaanga, na kwa desturi ya huku mume akila senene wa mkewe humletea kitenge. Telesfori alileta mbweu ya shibe. Basi mke akarudi kwao Nyakasimbi, nami Saleh, mwenye duka Omurushaka, nikafanywa mshenga wa kumrudisha, kana kwamba senene nilikula mimi.

Mimi na Telesfori tulifika na kitenge, tukaomba radhi. Baba mkwe, mzee Gaudiosus, alisamehe papo hapo. Yeye anapenda amani na usingizi. Aliyegoma ni mama mkwe, Anatolia. Alikipokea kitenge, akakikunja, akakikalia.

“Hiki nimepokea,” alisema. “Mtoto wangu tutamchezea karata. Mkishinda, mchukueni. Mkishindwa, anabaki mpaka mavuno ya kahawa.”

Kamari kwangu ni haramu. Nikajiambia kwamba mke wa mtu kurudi kwake si kamari, ni suluhu, nikachanga karata.

Mchezo ni wahedi wa sitini, wa kuwahi pointi sitini na moja, wawili kwa wawili: mimi na Telesfori, wao mtu na mkewe. Nusu ya mchezo huu ni kukonyezana, na hapo ndipo tulipokwisha hata kabla ya kugawa. Kwa watu hawa mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Telesfori alicheza ameinama, macho kwenye magoti yake. Mama mkwe angeweza kutoa ulimi na kukonyeza macho yote mawili, mkwe asingeona.

Tena hakuwa peke yake. Kemirembe alizunguka na kikapu cha kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyostahili, na kila mara alisimama nyuma ya mumewe. Akigusa sikio, mama yake anajua Telesfori ana karata kubwa. Akijikuna shingo, hana kitu. Niliyaona yote. Sasa niseme nini? Mshenga akimwita mwenye nyumba mwizi, ndoa imekwenda na maji. Nilikasirika mpaka nikameza kahawa nzima nzima.

Tukabakiwa na karata mbili mbili. Tulihitaji pointi thelathini, na turufu ilikuwa kopa. Zangu zote mbili zilikuwa ree, karata kubwa kuliko zote, ila si za turufu. Nikatupa ree ya uru huku moyoni nikimuaga Kemirembe.

Zamu ikawa ya Anatolia. Alikuwa na kikaratasi kisicho na maana na seti, yaani saba, ya kopa, ambayo hakuna kinachoila ila ree ya kopa. Ree hiyo ilikuwa haijatoka. Kama anayo Telesfori, seti ifichwe. Kama hana, seti inakula ree yangu na mchezo umekwisha. Akainua macho kwa binti yake. Kemirembe akachungulia karata za mumewe, akajikuna shingo.

Anatolia akaibamiza seti.

Telesfori, kichwa chini vilevile, akaweka juu yake ree ya kopa. Ree mbili na seti ni thelathini na mbili; tumeshinda.

Mzee Gaudiosus akacheka hadi akakohoa. “Nilikuwa nimeificha, mama,” Telesfori aliyaambia magoti yake, na majigambo yalikuwa yanamtoka masikioni. Kemirembe hakusikia. Alikuwa keshaingia ndani, na alivyotoka na mzigo wake haraka vile, nilijua ulifungwa tangu asubuhi.

Mama mkwe alitusindikiza hadi mwisho wa migomba. Wenzangu walitangulia. Mimi nilikuwa na jambo kooni, na sikuweza kulimeza kama ile kahawa.

“Mama, usinione mbaya. Binti yako amekudanganya.”

“Najua.”

“Umejua sasa hivi?”

“Nimejua alipojikuna. Mimi ndiye niliyemzaa, Saleh. Akisema uongo, hawezi kunitazama.”

Nikasimama. Yaani pale mkekani kila mtu alikuwa na hila yake, na aliyekuwa haoni ni mimi niliyekuwa nikikodoa macho. Iliniuma.

“Sasa seti uliitupia nini?”

Alikuwa akimtazama Kemirembe, aliyekwisha kumpita mumewe njiani na bado anaongeza mwendo. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, bila kujificha.

“Mtoto akikudanganya ili arudi kwake,” alisema, “wewe unabaki na karata ya nini?”