Mwenye Akaunti

Marlys Kangas alikuwa akipanga vipande vya viazi juu ya nyama ya kusaga, safu kwa safu kama vigae vya paa, aliposikia mumewe anapangusa viatu nje ya mlango wa jikoni. Alimjua kwa kupangusa huko. Katika mji mzima wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, hapakuwa na mtu mwingine aliyesugua soli muda mrefu namna ile kabla ya kuingia katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

"Mlango uko wazi," alisema bila kugeuka.

Orrin aliingia na baridi yake. Alikuwa amevaa lile koti la kuwindia, la rangi ya chungwa inayoumiza macho, ambalo ndilo alilozikwa nalo. Watu wa kanisani walinong'ona siku ile kwamba maiti huvikwa suti. Lakini sasa ulikuwa msimu wa kuwinda paa, na mtu anayetembea jioni kutoka makaburini, akikata vichakani, ni heri avae rangi ile, wawindaji wasimdhanie mnyama, kuliko suti nyeusi.

"Umeupata msimbo?" aliuliza Marlys.

Orrin alitia mkono mfukoni, akatoa simu, akaishika mbali na uso kama alivyozoea tangu uhai wake. Akasoma tarakimu moja baada ya nyingine. Marlys akazibonyeza kwenye kioo cha kuongozea taa kilichotundikwa karibu na jokofu. Kioo kikafikiri kidogo, kisha nyumba ikawaka: mwanga mweupe jikoni, na kwenye ngazi ile rangi ya asali, hafifu juu, kali kwenye ukingo wa kila kidato.

Rangi hiyo ilikuwa kazi ya Orrin. Macho ya Marlys yalikuwa yakififia kuanzia katikati, kama nguo inayoliwa na nondo, na kwa mwanga wa kawaida kidato na kivuli chake vilikuwa kitu kimoja. Orrin alitumia majira mazima ya baridi akishuka na kupanda, akimuuliza, "Hapa waona? Na hapa?" mpaka kila balbu ikajua la kufanya. Swichi za ukutani akazifunika kwa vibao ili mtu asizizime kwa bahati mbaya.

Mwanzoni taa zilimsikiliza yeye tu. Baadaye kampuni iliyozitengeneza ikasema sharti azifungulie akaunti kwao, na ujumbe wenyewe ulianza na neno tafadhali. Orrin hakuwa mtu wa kumkatalia anayesema tafadhali. Alibonyeza Nakubali mara zote alizoulizwa, hata pale ambapo angeweza kuruka.

Alikufa barafu ikiwa imekaza. Wakamhifadhi mpaka ardhi ilipolainika, wakamzika Mei, na katika pilikapilika hakuna aliyepekua mifuko ya koti. Kwa hiyo kila jioni kampuni ilipotaka kuhakikisha kwamba mwenye akaunti ni yeye mwenyewe, ilituma msimbo kwenye simu, na simu ilikuwa kaburini. Orrin alikuwa mtu wa kujibu ujumbe. Angefanyaje? Aliinuka akauleta.

"Kahawa?" aliuliza Marlys.

"Hapana, nisikusumbue."

"Iko tayari."

"Basi usijipe taabu."

"Orrin."

"Haya, nusu kikombe."

Akajaziwa kikombe, akakinywa chote. Huo ndio ustaarabu wa kwao, na kifo hakikuubadilisha. Lakini alipokaa, alikaa kama gunia linalotuliwa. Tope la makaburini lilikuwa limemfika magotini. Kidevu kikamwangukia kifuani, na kahawa iliyobaki ikaanza kuinama pamoja na kikombe.

"Umechoka," alisema Marlys.

"Si mbaya sana."

"Kule kukoje?"

Orrin aliwaza. "Sijui bado. Kila nikitaka kulala simu inalia."

Marlys akapiga simu kwa kampuni. Akasikilizishwa muziki mpaka viazi vikaiva, ndipo akapokewa na binti mwenye sauti ya adabu.

"Naomba kuzungumza na mwenye akaunti," alisema yule binti.

"Mwenye akaunti ni marehemu."

"Poleni sana kwa msiba. Yuko karibu?"

"Yuko hapa, anakunywa kahawa."

"Tafadhali mpatie simu."

Orrin akapokea. Binti akampa pole kwa kifo chake, naye akamshukuru. Binti akaeleza kwamba akaunti inaweza kuhamishiwa kwa mke, ila mwenyewe aonyeshe kitambulisho ambacho hakijaisha muda. Leseni ya udereva ya Orrin ilikuwa imeisha muda, kama yeye. Basi kuifunga je? Haifungiki, alisema binti, kwa kuwa Bwana Kangas alikubali masharti kwa uhai wote.

"Uhai wa nani?" Marlys aliuliza akiwa kando.

"Wa balbu, mama."

Na balbu zile, kudumu ndiko kulikokuwa sifa yake. Boksi lilijigamba kwamba zitadumu miaka ishirini na miwili.

"Hiyo ni tofauti," alisema Orrin taratibu. Kwa watu wa upande ule neno tofauti ndilo tusi zito kuliko yote. Hulitumia kwa chakula kilichoharibika na kwa wakwe.

Kisha binti akamwomba, tafadhali, ampe alama kwa huduma. Orrin akampa alama zote.

"Umempa zote!" Marlys alifoka simu ilipokatika.

"Mtoto wa watu alikuwa na adabu."

Siku ya pili akaja LaVonne, dada mkubwa wa Orrin, aliyestaafu kazi ya kupanda nguzo za simu na bado akitembea kama mwenye mkanda wa vyuma kiunoni. Hapa ieleweke kwamba nyumba ile ilikuwa na wifi wawili. Mmoja alikuwa kisanduku cha mtandao chenye vijitaa juu ya kabati, na huyo alipotea kila theluji ilipoanguka. Wa pili alikuwa LaVonne, na huyo hakukatika hata ukimwomba.

"Wifi," alisema LaVonne akivua glovu, "hizi taa zako zinaomba ruhusa mbali mno. Mtu anataka kwenda chooni, mpaka wakubali watu wa jimbo lingine?"

"Ndivyo zilivyotengenezwa, wifi."

"Zilitengenezwa kuwaka. Hayo mengine walizifundisha tu."

Akatoa kwenye mkoba kompyuta ndogo, si kubwa kuliko sanduku la kadi za kuchezea, na kijiti cha kunasa mawimbi cha kuchomeka ubavuni. Ndani yake aliweka programu ya bure, iliyoandikwa na watu wengi waliochoka kuomba ruhusa ya kuwasha taa zao wenyewe. Kitu kile kingekaa humo humo ndani, kiseme na balbu humo humo ndani, na mtandao wa nje ungekatika wote ulimwenguni kisijali.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko kuwa ngumu. Alifungua kibao cha swichi, akaizima na kuiwasha balbu, akazima, akawasha, mpaka ikakonyeza. Balbu ikikonyeza, ujue imemsahau bwana wake. Hapo ndipo kijiti kinaikaribisha, na LaVonne anaifundisha upya rangi yake ya asali, akilinganisha na zile ambazo bado hazijasahau.

Orrin alikuja jioni akawakuta kwenye ngazi.

"Kaka," alisema LaVonne, "ulimaliza hata shule ya Jumapili, ukashindwa kusoma ulichokubali?"

"Kilikuwa kirefu, dada."

"Na huu mwendo wa kutoka makaburini ndio mfupi?"

Orrin akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayehifadhi pumzi. Kadiri balbu zilivyokonyeza, mabega yake yalishuka, kama mtu anayepunguziwa mzigo mmoja mmoja. Ya jikoni. Za ngazi. Ya chumba cha kulala, ambapo aliangalia pembeni.

Ikabaki ya barazani.

"Hiyo iache," alisema Marlys.

"Kwa nini?"

"Inafanya kazi vizuri."

LaVonne akamtazama. "Na yeye je, anafanya kazi vizuri?"

Marlys akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. LaVonne, ambaye hakuwa na staha nyingi lakini alikuwa na kiasi, akavaa glovu zake akaondoka.

Ikawa hivyo kwa muda. Nyumba nzima iliwaka yenyewe giza lilipoingia, isipokuwa baraza. Kwa ajili ya baraza Orrin aliinuka, akakata vichakani, akapangusa viatu, akasoma msimbo, akakataa kahawa, akainywa. Marlys alimsimulia habari za siku. Alikuwa akizihifadhi tangu asubuhi, akichagua nzuri. Orrin aliitikia "ndio" mahali ambapo hakuulizwa kitu.

Jioni moja ya theluji alisoma tarakimu vibaya. Akarudia, akakosea tena. Kioo kikaonya kwamba akikosea mara nyingine itabidi aanze upya kesho. Orrin akaishusha simu. Nyusi zake zilikuwa na barafu isiyoyeyuka hata karibu na jiko.

"Marlys," alisema, "kesho ni lazima?"

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwambia hapana. Marlys alijua kwamba hilo swali ndilo hapana yake, na kwamba lilimgharimu.

Akafuta mikono. Akaenda mlangoni, akatafuta kibao kwa vidole, akakifungua. Akazima. Akawasha. Akazima. Akaenda polepole, macho ameyafumba, maana hayakumsaidia sana hata yakiwa wazi. Alisikia Orrin nyuma yake akivuta pumzi ndefu, naye ni mtu aliyekuwa hahitaji pumzi. Alipofumbua macho, balbu ya barazani ilikuwa ikikonyeza.

"Haya basi," alisema Orrin, akajipiga magoti kwa viganja, kama wafanyavyo kwao mgeni anapotaka kuondoka.

Akabaki amekaa. Wakaongea kuhusu kichujio cha tanuri la kupashia nyumba joto. Akasimama. Wakaongea kuhusu barafu ya ziwani. Mlangoni akakumbuka jirani aliyewahi kuazima ngazi yake asiirudishe. Kwenye ngazi za nje wakaongea tena kuhusu kichujio. Kuaga kwao siku zote kulikuwa kurefu kuliko ziara yenyewe, na usiku huo hakuna aliyefupisha. Mwisho akaitoa simu akamwekea mkononi.

"Hii ibaki."

"Jihadhari na barafu," alisema Marlys.

"Ndio. Wewe pia."

Koti la chungwa likapungua vichakani mpaka macho yake yakashindwa, na hayo yalishindwa mapema.

Hakuja kesho yake. Giza lilipoingia nyumba ikawaka yote, na baraza ikawaka pamoja na wenzake. Simu ilitetema, msimbo ulikuwa umefika. Marlys akaitia kwenye droo ya raba na betri zilizokufa, akaifunga.

Ndipo akasikia mtu anapangusa viatu. Si yule. Akafungua. Alikuwa Verlyn Stordahl wa nyumba ya ng'ambo, aliyefariki majira ya majani kupukutika, amevaa kofia yake ya kuvulia samaki. Nyuma yake barabarani wengine walikuwa wakipita kila mmoja kwa mlango wake: marehemu wa nyumba ya kona, mama mmoja aliyewahi kufundisha piano, kila mtu na simu yake ikimmulika kidevu.

"Nimeona taa," alisema Stordahl. "Ningepumzika kidogo, kama si usumbufu."

"Ingia. Kahawa?"

"Hapana, asante."

Akaipata kikombeni kabla ya kukataa mara ya pili. Alikunywa huku macho yakimfumba.

"Hizi zako hazimwiti mtu," alisema.

"Haziiti. LaVonne ana kijiti. Mwambie mkeo Idelle anipigie, tuje tuwafanyie. Ni kazi ya alasiri moja."

Stordahl alikizungusha kikombe. Mfuko wake ukalia.

"Nilimwambia," alisema. "Anasema taa zake zinafanya kazi vizuri."

Akaweka kikombe kwenye sinki kwa adabu, akashukuru, akatoka. Marlys akasimama barazani akimmulikia mpaka alipovuka. Baada ya kitambo, ng'ambo ya barabara, nyumba ya Idelle ikawaka.