Heli ya Profesa Trethewey

Miaka minne nimekaa hapa Canberra nikikadiria kitu kisichoonekana, halafu mtu ananiambia niape kwamba nimekiona! Haki ya Mungu, nilitamani kumrushia kikombe.

Heli, ile gesi nyepesi ya kujazia maputo, haijionyeshi kwenye nyota nyingi za makundi kongwe tunayochunguza. Hazina joto la kutosha kuionyesha. Kwa hiyo tunabuni nyota kwenye kompyuta, tunazilinganisha na zile za kweli, zikikubaliana tunasema heli ni kiasi hiki. Msimamizi wangu, Profesa Murray Trethewey, huzilinganisha kwa jicho. Mimi niligundua kwamba ukigusa kidogo tu jinsi gesi inavyochemka ndani ya nyota ya kubuni, jibu linaruka kwa asilimia nane.

"Keryn, mama, andika tunaweza kukosea kwa asilimia moja," akasema. "Ukiandika nane, sitii sahihi tasnifu yako."

"Hata kama ni nane kweli?"

"Jicho langu lina miaka thelathini kazini. Lako bado linanyonya."

Linanyonya! Nilitoka ofisini mwake nikaubamiza mlango. Bila sahihi yake sina shahada.

Kesho yake saa nne na nusu idara nzima ilikusanyika kwa chai na keki za nazi, kama kila siku. Hapo ndipo tunaonyeshana grafu, na Murray hawezi kupitwa na grafu. Nikaweka yangu mezani.

"Kundi jipya hilo?" Akafuta makombo, akalaza karatasi yake angavu yenye mistari ya nyota za kubuni juu ya nukta zangu. Dakika mbili hazikuisha. "Asilimia thelathini na tatu! Heli tele! Mnaona, jamani? Nikikosea, ni kwa moja tu."

"Una hakika?"

"Lete kalamu."

Akaandika thelathini na tatu juu ya grafu yangu, akaandika kosa ni moja, akatia jina lake.

"Hilo kundi halipo angani, Murray. Nimelitengeneza jana kwenye kompyuta. Heli niliyotia ni ishirini na tano, ya kawaida kabisa. Nilichobadilisha ni mchemko tu."

Murray akanyoosha mkono aichukue ile grafu, nikaiwahi.

"Umenitega, wewe msichana!"

"Nimekupima. Umekosea kwa nane." Nikamwekea mbele yake ukurasa wa sahihi wa tasnifu yangu, ulioandikwa nane. "Kalamu unayo. Tia hapa."

Akatia, watu wote wakimtazama. Makala zake kumi na moja bado zinasema kosa ni asilimia moja, na mpaka leo hajasahihisha hata moja.