Andika Hivyo Hivyo

Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa changu alipozima mashine, akachukua gazeti lililoachwa kwenye kiti cha wateja, akalinyanyua mpaka likawa sambamba na uso wangu kwenye kioo. Akalitazama gazeti, akakitazama kioo, akalitazama gazeti tena.

"Fundi," akasema, "huyu si wewe?"

Alikuwa mimi. Nimekaa kwenye benchi, kichwa kimefungwa bendeji, jicho moja limevimba, mdomo umelegea. Juu ya picha, kwa herufi nene: WANAUME WANAOCHAPWA NA WAKE ZAO WAANZA KUSEMA. Pembeni kabisa, kwa maandishi ambayo hata sisimizi angehitaji miwani kuyasoma, waliandika kwamba picha haihusiani na habari. Maandishi hayo niliyaona baadaye. Wateja wa kinyozi hawakuyaona kabisa.

Ningetoka mbio, lakini mtu hatoki mbio akiwa amenyolewa nusu kichwa. Nikakaa. Wakaisoma habari yote kwa sauti, wakipokezana, na kila palipotajwa mwiko au sufuria kuna aliyenigeukia kuniuliza kama ilikuwa ya moto. Kinyozi akaunyoa upande wa pili taratibu kuliko alivyowahi kumnyoa mtu yeyote.

Picha yenyewe ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafunga geti nyumbani kwa mteja, bawaba ya juu ikaachia kabla sijaichomelea sawasawa, geti likanilalia. Mke wangu ndiye aliyenikimbiza hospitali huku amelikandamiza shati langu kichwani kuzuia damu. Siku hiyo wakubwa walikuwa wakizindua wodi mpya, wapiga picha wamejaa, na mmoja wao akaona sura yangu inafaa. Kesho yake nikatokea gazetini juu ya maneno "Mgonjwa akisubiri huduma", na mkono wa mke wangu ukionekana begani kwangu. Nilifurahi, nikanunua nakala nikampelekea mama. Sikujua kwamba magazeti yana maktaba ya picha, na kwamba sura ya mtu ikishaingia humo hukaa ikingoja habari yoyote itakayoienea. Safari hii walikuwa wameupunguza ukingo wa picha, na mkono ule haukuwepo.

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Ni mwanamke mwenye mwili, na mimi ni mwembamba kama nondo ninazochomelea, kwa hiyo habari ile iliingia vichwani mwa watu bila kubisha hodi. Nilipomwonyesha gazeti alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Kumbe nina nguvu hivi," akasema, akifuta machozi. Kesho yake, wazazi walipoanza kunong'onezana kwenye lango la shule, aliwaambia wasihofu, watoto wao wako salama, yeye hupiga watu wazima tu. Wakacheka, wakamwachia watoto, mambo yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Mteja mmoja alikuja karakana akaniagiza mlango wa chuma wenye komeo la ndani, naye apate pa kukimbilia usiku mambo yakichacha. Mwingine aliniambia, bila hata kutabasamu, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Halafu akapiga simu baba mkubwa, aliyenilea baada ya baba kufa. Hakuniuliza kama ni kweli.

"Katika ukoo huu hakuna mwanamume aliyewahi kuguswa na mwanamke," akasema. "Nenda huko gazetini ukalisafishe jina la baba yako."

Mke wangu alikuwa anamenya viazi. "Nenda kama unataka," akaniambia. "Mimi ningeacha lipite. Wiki hii wanakucheka wewe, wiki ijayo watapata mwingine."

Nikaenda.

Nilidhani chumba cha habari ni mahali pa mitambo na kelele. Nilikuta ukumbi wenye meza zilizobanana, nyaya zimefungwa kwa gundi sakafuni, televisheni inayoonyesha watu wakizungumza bila sauti, na vikombe vyenye masalia ya chai iliyoganda. Mwandishi aliyenipokea alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinisikiliza bila kunikatiza, akalitafuta gazeti la zamani, akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, akazitazama kwa muda.

"Kosa ni letu," akasema. "Tutaomba radhi. Ukurasa uleule, ukubwa uleule."

Hapo ndipo ningeinuka nikashukuru. Nilichokifuata nilikuwa nimekipata. Lakini akaniuliza kama nina la kuongeza, na nilipoinua macho nikaona wenzake wa meza za jirani wameacha kuandika. Mmoja alikuwa ameuma midomo kuzuia kicheko. Nikasikia damu inapanda usoni.

"Andika kwamba mke wangu hawezi kunigusa," nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Kwangu mimi, anayepiga ni mimi."

Kalamu yake ikasimama. "Unasema unampiga mkeo?"

"Akikosea. Mwanamume ni mwanamume."

"Nitakusomea ulichosema," akaniambia polepole, "ukitaka kubadilisha, badilisha." Akanisomea. Maneno yalikuwa yangu yote, hakuongeza hata nukta, na yakisomwa na mtu mwingine yalikuwa na sauti ya baba mkubwa. Akaniuliza tena kama nina uhakika.

"Andika hivyo hivyo," nikasema.

Sisemi haya kuungama. Kuungama ni kwa mambo ya siri, na langu lilichapishwa. Nasema tu kwamba tangu tuoane sikuwahi kumwinulia mke wangu mkono. Siku niliyokasirika kuliko zote niliubamiza mlango wa chumbani ukang'oka, na ni mimi niliyeurudishia, yeye akinishikia tochi na kunikosoa. Kwenye picha ile hakuna aliyeniuliza lolote. Kwenye uongo wangu waliniuliza mara mbili, kwa adabu, na mara zote mbili nikaitika.

Gazeti likatoka. TULIKOSEA: FUNDI HAPIGWI, "ANAYEPIGA NI MIMI". Kulikuwa na radhi, fupi na safi, kisha maneno yangu, na picha mpya waliyonipiga palepale ofisini, kifua mbele. Karakana watu walinipa mkono. Kinyozi aliniita mkuu. Baba mkubwa akapiga simu akasema sasa nimekuwa mtu, na ningependa kusema kwamba nilichukia kulisikia hilo, lakini kwa muda wa asubuhi ile lilinipendeza.

Mchana mke wangu alirudi kutoka shule akasimama sebuleni bila kuvua viatu. Hakuwa na gazeti. Hakulihitaji.

"Mama wa mwanafunzi wangu amenivuta nyuma ya darasa," akasema. "Amenipa namba ya simu ya watu wanaohifadhi wanawake wanaopigwa. Hakuniuliza kitu, amenikumbatia tu, akalia. Mimi nikabaki nambembeleza yeye."

Nikasema ulimi uliteleza.

"Heri ungejikwaa kidole." Aliuweka mkoba wake mezani, akasema, "Nimetokea gazetini mara mbili. Mara ya kwanza napiga, mara ya pili napigwa. Mara zote mbili hakuna aliyeniuliza. Hao wa gazeti hawanijui. Wewe je?"



Kabla jua halijatua kaka yake alifika. Ni dereva wa malori, mtu wa utani, ambaye kila akija hunitania kwamba nilimwoa dada yake ili nipate mtu wa kunibebea mageti. Siku hiyo alipita mbele yangu kama anayepita mbele ya kabati. Akakaa ukingoni mwa kiti. Chai hakuigusa.

"Kunja mikono ya gauni," akamwambia dada yake. "Nione."

"Kaka, hajawahi kunigusa."

"Wote husema hivyo. Kunja."

Mke wangu ni mama wa watoto wawili walioko shule ya bweni. Hufundisha watoto wa watu kunawa mikono na kusema tafadhali. Alisimama karibu na dirisha, akafungua vifungo vya mkono mmoja, akaukunja mpaka begani, kisha wa pili. Akaigeuza mikono yake mbele ya mwanga, juu na chini, kama mtoto anayekaguliwa surua. Hakuniangalia. Natamani angeniangalia, hata kwa chuki.

Juu ya kiwiko cha kushoto kulikuwa na alama ya bluu. Kaka yake akaigusa kwa kidole.

"Na hii?"

"Mtoto aliniangushia kiti. Darasani."

Ilikuwa kweli. Siku iliyopita nilimwona akiipaka dawa ya kuchua, akanisimulia jinsi mtoto mwenyewe alivyolia kuliko yeye. Nikafungua kinywa kumwambia shemeji yangu hivyo, naye akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, na nikakifunga. Mtu aliyejitangaza gazetini kwamba anampiga mkewe, ushahidi wake juu ya alama ya mkewe una thamani gani? Nikainamisha kichwa. Niliitamani sana siku ile ya kinyozi, ya kuchekwa tu.

Akaondoka akimwambia dada yake mlango wa kwao uko wazi, aje hata bila viatu.

Kesho yake nilimrudia yule mwandishi nikamwambia nilidanganya, aandike hivyo. Akasema safari hii lazima amsikie na mke wangu. Akaja nyumbani jioni. Mke wangu alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti mbali na jua.

"Ni kweli hakupigi?" binti akauliza.

"Nikisema hanipigi, watasema ameniamuru," mke wangu akajibu. "Nikikataa kusema, watasema namwogopa. Nikisema kwa kucheka, watarudi kwenye mwiko. Wewe ni msomi wa mambo haya, mwanangu. Niambie, niseme lipi?"

Binti akalitazama daftari lake, lililokuwa tupu. Akafunika kalamu.

"Ningekuuliza kabla, mwalimu," akasema.

"Ungeniuliza," mke wangu akaitikia, bila ukali, akaenda kumletea maji.

Walichapisha maneno yangu machache, ukurasa wa ndani, kwamba nilichosema hakikuwa kweli. Kinyozi alisema shemeji zangu wamenibana. Baba mkubwa hakupiga simu tena kwa muda mrefu. Wengine hawakulisoma.

Juma lile lile mke wangu alitoa gauni zake zote za kazini kabatini, akakaa kitandani na mkasi, akakata mikono ya moja baada ya nyingine, akapinda ncha na kuzishona. Nilimuuliza kama nimsaidie. Akanipa sindano nimtungie uzi.

Mpaka leo huvaa mikono mifupi. Miezi ya baridi, asubuhi zenye ukungu, hutoka nyumbani mikono wazi, vinyweleo vimesimama, na nimewaona wazazi pale langoni wakiiangalia mikono kwanza, kisha uso. Wakimuuliza kama hasikii baridi, husema amezoea. Mimi humfuata mpaka mlangoni na sweta. Hulipokea, hunishukuru, hulikunja vizuri na kulitia mkobani.